Jadotville katika filamu, Likasi katika kumbukumbu

Bwana na bibi wa Buluo wakiketi jioni kuangalia filamu "The Siege of Jadotville" ya mwaka 2016, mji unaotajwa ni wao: Jadotville ni jina la zamani la Likasi. Lakini milima wanayoiona si ya kwao. Filamu ilipigwa Afrika ya Kusini.

Habari yenyewe ni ya kweli. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Tarehe 13 mwezi wa tisa 1961, askari wa ONU wapatao 155 kutoka Ayalandi, wakiongozwa na Pat Quinlan, walishambuliwa wakati wa misa ya asubuhi. Wajandarma wa Katanga walikuwa na mamluki wazungu na ndege ya vita. Kikosi cha msaada kilizuiliwa kwenye daraja la Lufira. Siku ya tano, risasi na maji vilipokwisha, Quinlan na watu wake wakajitoa. Kati yao hakuna hata mmoja aliyekufa katika mapigano hayo.

Kuna jambo ambalo filamu haionyeshi. Mwaka uleule, maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya ONU Elisabethville, leo Lubumbashi. Tena 1992 na 1993, jamaa za Wakasai zilifukuzwa Likasi, zikalala kwenye stesheni zikingoja treni.

Askari wa Quinlan walirudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Jamaa nyingi za hapa hazikurudi. Filamu ikiisha, wazee wa nyumba waulizwe majina ya jirani waliohama, kabla hayajasahauliwa.