Wanne wa AkiraChix

Mapema Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake wazo moja: itengenezwe ramani ya mauaji na uharibifu ambao haukuwa ukitangazwa. Katika muda wa siku chache ramani hiyo ilikuwa mtandaoni, ikaitwa Ushahidi. Mwananchi alituma ujumbe wa simu, na tukio likawekwa alama mahali lilipotokea. Kati ya waasisi wake wanne, wawili walikuwa wanawake: Okolloh na Juliana Rotich. Kwa hiyo wanawake wa Kenya walikuwepo katika teknolojia hii tangu msingi ulipochimbwa. Suala lililobaki ni wangapi wangeweza kuwafuata.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, na bei ya mtandao ikaanza kushuka. Machi 2010 Erik Hersman, mmoja wa waasisi wa Ushahidi, alifungua iHub, kituo cha teknolojia, katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road, Nairobi. Vijana walipata intaneti ya kasi, meza ya kufanyia kazi na nafasi ya kukutana na wawekezaji. Meneja wake alikuwa mwanamke, Jessica Colaço. Hata hivyo, walipokusanyika waandishi wa programu, wanawake walikuwa wachache.

Hakuna aliyewafukuza. Vikwazo vilianza mbali na mlango. Wasichana walikuwa wachache tangu kwenye madarasa ya kompyuta ya vyuo vikuu. Mashindano ya programu yalikesha hadi asubuhi, na si kila binti aliruhusiwa kulala nje ya nyumbani au aliona ni salama kurudi usiku kwa matatu. Kisha kulikuwa na tatizo la mtaji. Benki zilidai dhamana, na hati nyingi za ardhi ziliandikwa majina ya wanaume. Tatizo hili la mwisho lilikuwa la zamani: Kenya Women Finance Trust ilianzishwa mwaka 1981 kwa sababu hiyohiyo, ili wanawake wasio na hati wapate mkopo.

Mwaka huohuo wa 2010, waandishi wanne wa programu, Judith Owigar, Angela Oduor, Linda Kamau na Marie Githinji, walifanya walichokuwa wamefanya mama zao na shangazi zao walipokosa msaada kwingine: waliunda kikundi. Wakakiita AkiraChix. Kama ilivyo katika chama chochote cha akina mama, kila mmoja alileta alichonacho. Hapa kilicholetwa kilikuwa ujuzi, majina ya waajiri, na ujasiri wa kuuliza swali bila kuchekwa.

Matunda yalionekana mapema. Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, waliokutana katika mzunguko huo wa wanawake wa teknolojia, waliingia mwaka 2010 kwenye shindano la IPO48, ambapo kampuni inabuniwa kwa saa 48, wakashinda. Kampuni yao, M-Farm, ilimwezesha mkulima kujua bei ya soko kwa ujumbe mfupi, ili dalali asimpunje.

Lakini waasisi wa AkiraChix waliona kwamba kukutanisha waliokwisha kusoma hakutoshi. Wakaanzisha mafunzo ya mwaka mzima kwa wasichana wa familia maskini za Nairobi, wakiwafundisha kuandika programu, usanifu na biashara. Baadaye mafunzo hayo yakawa codeHive, ambako mwanafunzi halipi ada na anapewa mahali pa kulala. Malazi yaliondoa kikwazo cha matatu ya usiku ambacho meza ya iHub isingeweza kukiondoa.

Kwingine wanawake walifuata njia kama hiyo. Kampala, Barbara Birungi alianzisha Women in Technology Uganda. Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013. Julai 2015 Rais Barack Obama alipohudhuria mkutano wa wajasiriamali Nairobi, Owigar wa AkiraChix alikaa naye jukwaani.

Miaka miwili baadaye Ushahidi yenyewe ikatikiswa. Mwaka 2017 aliyekuwa mfanyakazi wa Ushahidi alijitokeza hadharani na malalamiko ya unyanyasaji wa kingono, na mkurugenzi mtendaji wa wakati huo akaachishwa kazi. Taasisi ambayo nusu ya waasisi wake walikuwa wanawake ilikuwa imeonyesha kwamba jina la mwasisi halimlindi mfanyakazi. Anayemlinda ni utaratibu wa kupokea malalamiko, na bodi inayoutumia bila kuchelewa.

Mwaka 2019 uongozi wa Ushahidi ulikabidhiwa Angela Oduor Lungati, mmoja wa wale wanne wa AkiraChix. Hakuteuliwa kama mgeni: kwa miaka kadhaa alikuwa mfanyakazi humo. Mwaka huohuo iHub nayo ilinunuliwa na CcHUB, kituo cha teknolojia cha Lagos.

Ofisi za uongozi, basi, zimefikiwa. Mtaji mkubwa bado: katika Afrika, kampuni zinazoongozwa na wanawake peke yao hupata sehemu ndogo sana ya fedha za wawekezaji. Wale wanne waliweza kufundisha, kuajiri na kuongoza kwa nguvu ya kikundi. Kuamua fedha ziende wapi kunahitaji wanawake wakae pia katika kamati za uwekezaji.