Kusikiliza Masafa Mafupi: Desturi Iliyozaliwa na Kuzeeka katika Umri wa Mtu Mmoja

Zamani, mawasiliano yasiyo na waya yaliitwa kwa Kiswahili simu ya upepo. Jina hilo sasa limesahauliwa na wengi, walakini lilifaa sana, maana sauti ya redio ya masafa mafupi huja na kwenda kama upepo. Mtu wa pwani au wa bara aliyezaliwa karibu na mwaka 1950 ameiona desturi ya kuisikiliza ikianza, ikistawi, na kufifia. Yafaa sisi walimu na wachungaji tuiandike habari yake wangali hai walioijua.

Kwanza tueleze sababu ya upepo huo. Mawimbi ya kati hufuata ardhi na kuchoka upesi wakati wa mchana. Mawimbi mafupi hupanda juu hata kufikia tabaka za hewa zenye umeme, nazo huyarudisha chini mbali sana, hata ng'ambo ya bahari. Tabaka hizo hubadilika kwa nguvu za jua. Kwa hiyo msikilizaji alijua kuwa mita 49 hufaa usiku, na mita 25 au chini yake hufaa mchana. Hata leo watu husema redio "inashika" au "haishiki", kana kwamba sauti ni kitu cha kuwindwa.

Mwanzoni chombo kilikuwa cha wenye mali. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, ilianza kuuzwa redio ya betri yenye umbo la sufuria kwa pauni 5, ili Waafrika wa kawaida waweze kuinunua. Baadaye zikaja redio ndogo za transista, ambazo zilitumia betri za kawaida na kubebeka mkononi. Idhaa za Kiswahili nazo zikaongezeka: Cairo mwaka 1954, London tarehe 27 Juni 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962, na Ujerumani mwaka 1963. Kila taifa kubwa lilitaka masikio yetu, na kila moja lilijifunza lugha yetu ili liyapate.

Basi ikawa desturi. Jioni majirani walikusanyika kwa mwenye redio. Waya ulifungwa juu ya mti, na betri zilizochoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo. Taarifa ya habari ilipoanza, watoto walinyamazishwa. Ilipokwisha, mzee mmoja aliieleza tena kwa wale waliochelewa, na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mahali hapo watu wengi ambao Kiswahili si lugha ya mama zao walizoea kusikia Kiswahili fasaha, na maneno kama idhaa na mtangazaji yakaingia vijijini bila kitabu.

Kanisa pia lilishiriki. Mwezi Februari 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua kituo kikubwa cha masafa mafupi mjini Addis Ababa. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili, vikapelekwa Addis Ababa katika kanda, kisha vikarudi kwetu kwa njia ya anga. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya mapinduzi ya Ethiopia ilikitwaa kituo kile. Mitambo ilipotea kwa siku moja. Lakini watu wa Moshi waliozoea kuandika, kusoma na kuimba mbele ya kinasa sauti hawakutwaliwa, na hata leo jina la Sauti ya Injili lasikika Moshi kwa njia ya FM.

Baada ya sheria ya mwaka 1993 kuruhusu vituo vya watu binafsi Tanzania, FM ilienea mijini, tena ikafuata simu ya mkononi. Mwaka 2012 Canada na Uholanzi zilifunga matangazo yao ya masafa mafupi. Mwezi Machi 2025 watumishi wa Sauti ya Amerika, karibu wote, waliamriwa kukaa nyumbani.

Hatukatai faida. Sauti ya leo ni safi, na kijana aweza kuchagua kipindi saa yoyote. Walakini hali mpya ina masharti yake. FM haifiki mbali na mnara wake, na simu hudai fedha za vifurushi kila mara. Wimbi fupi lilivuka milima na mipaka bila kumdai msikilizaji kitu ila betri. Tena kila mmoja sasa husikiliza peke yake, na yule mzee aliyeeleza habari hana tena wa kumweleza.

Mambo mawili yatupasa. Kwanza, walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wakaandike maneno na desturi za kusikiliza. Pili, mchungaji mwenye washarika mbali na minara asidhani kwamba kilichowekwa mtandaoni kimewafikia. Mkutano wa kusikiliza pamoja waweza kufanywa hata kwa simu moja na kipaza sauti kidogo, chini ya mwembe, saa ileile ya jioni, na mzee akaombwa kueleza.