Neno la Wiki: Dafina

Jiokashi, ule mchezo wa kusaka kwa GPS kopo lililofichwa, sasa unaitwa "kusaka dafina". Hapana, jamani! Dafina, neno tulilopewa na Kiarabu, ni mali iliyofukiwa. Na kanuni za mchezo huu, ulioanza Oregon, Marekani, Mei 2000, zinakataza kuchimba shimo pasipo ruhusa ya mwenye ardhi. Hazina nayo haifai hapa, maana ni mali iliyowekwa, hata ya serikali. Koponi mna nini? Daftari la kuandika majina, pengine na kikorokoro cha kubadilishana. Anayemulika tochi usiku wa mvua akifuata vibandiko vinavyong'aa mitini, penseli mfukoni kwa kuwa wino hukataa karatasi iliyolowa, hachimbi kitu. Mwiteni msaka vificho, na jembe mwacheni nalo mkulima.