Nati Iliyokataa Kufunguka

Tarehe 23 Mei 2021, katika mji wa Monaco ulio ukingoni mwa bahari ya Mediterania, dereva wa Ufini aitwaye Valtteri Bottas alikuwa akishika nafasi ya pili katika mashindano ya magari ya Formula 1. Alipofika karibu na mzunguko wa 30 aliingia kando ili abadilishiwe magurudumu. Kazi hiyo huchukua sekunde mbili au tatu tu, kwa maana magari ya namna ile hayana nati nne au tano katika kila gurudumu kama haya yetu. Kila gurudumu hushikwa na nati moja kubwa iliyo katikati. Magurudumu matatu yalitoka mara moja. La nne, lile la mbele upande wa kulia, halikutoka. Fundi alijaribu, akajaribu tena; mashine ilinguruma, vumbi la chuma likapeperuka, na nati ikabaki pale pale. Bottas hakurudi barabarani siku ile.

Sababu yake ilikuwa ndogo mno. Mdomo wa mashine ulikuwa umeishika nati kwa mshazari kidogo, hivi kwamba nguvu zote za mashine zilielemea sehemu chache za meno yake badala ya kuyaenea yote. Meno yale yakanyolewa kama mti unavyonyolewa kwa randa, na yalipokwisha hapakuwa na mahali pa kushika. Gari lilisafirishwa pamoja na gurudumu lake hadi karakana ya Mercedes iliyoko Brackley, Uingereza, na huko ndiko nati ilikoondolewa, saa 43 baada ya dereva kusimama. Wenzi wao wa Red Bull, waliokuwa nyuma yao kwa alama kabla ya siku hiyo, walitoka Monaco wakiwa mbele kwa alama 149 dhidi ya 148.

Msomaji ataona ni ajabu kwamba watu wenye mashine na elimu ya namna ile washindwe na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Lakini dereva yeyote wa Kenya aliyepata kupasukiwa na tairi njiani, akaingiza spana na kuihisi ikiteleza juu ya nati bila kuigeuza, hatashangaa hata kidogo. Nati hufanya kazi kwa mapatano mawili. La kwanza liko ndani yake, ambako hesi zake hazina budi kulingana na hesi za bolti. La pili liko nje, ambako pembe zake hazina budi kulingana na mdomo wa spana. Mapatano hayo hayakushuka kutoka mbinguni, nayo yana historia yake.

Zamani kila fundi alikata hesi kwa kadiri ya jicho lake na vyombo vyake. Bolti ilikuwa na nati yake moja, kama kufuli na ufunguo, na zote mbili zilitiwa alama ili zisipotezane. Mtu aliyeifungua mashine kubwa akazichanganya nati zake alijiletea msiba wa siku kadhaa, kwa sababu hata bolti mbili zilizotoka katika karakana moja hazikuwa na lazima ya kufanana. Karibu na mwaka 1800 Mwingereza Henry Maudslay, mtu aliyeanza kazi akiwa mtoto katika ghala za silaha za Woolwich, alitengeneza kerezo la chuma lililoweza kukata hesi zilizo sawasawa, leo na kesho na keshokutwa. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, lakini kerezo lake ndilo lililoingia kazini na kudumu. Hata hivyo usawa wake uliishia mlangoni mwa karakana yake. Jirani yake naye alikuwa na usawa wake mwenyewe.

Miongoni mwa vijana waliofanya kazi kwa Maudslay alikuwamo Joseph Whitworth, mzaliwa wa Stockport, ambaye mwaka 1833 alifungua karakana yake huko Manchester. Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima zote, kisha akachukua wastani wake. Mwaka 1841 alitoa shauri lake mbele ya wahandisi wenzake: mteremko wa hesi uwe na pembe ya digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake ya hesi katika inchi moja. Bolti ya nusu inchi, kwa mfano, ilipewa hesi 12. Binafsi naona busara yake kubwa haikuwa katika hesabu. Angeweza kutangaza hesi za karakana yake kuwa ndizo bora na kuwataka wengine wamfuate, nao wangekataa kwa wivu. Yeye alichagua kipimo ambacho hakikuwa cha mtu yeyote, na kwa hiyo hapakuwa na aliyeona haya kukikubali.

Wamarekani hawakukikubali. Mwaka 1864 William Sellers, mwenye kiwanda mjini Philadelphia, alieleza kwamba digrii 55 ni pembe ngumu kuipima, hali digrii 60 ni pembe ya pembetatu yenye pande zilizo sawa, ambayo kila fundi aweza kuichora. Akapendekeza hesi za digrii 60, zenye ncha zilizokatwa bapa. Kisha akaongeza jambo lituhusulo sana katika habari hii: aliweka kanuni ya ukubwa wa nati yenyewe. Chukua unene wa bolti, uzidishe kwa moja na nusu, ongeza thumuni ya inchi, nawe utapata upana wa nati kutoka ubapa hadi ubapa. Bolti ya nusu inchi itapata nati ya inchi saba juu ya nane. Kwa kanuni hiyo spana iliyofuliwa mji mmoja ingeweza kufungua nati iliyofuliwa mji mwingine. Jeshi la wanamaji la Marekani liliifuata tangu mwaka 1868.

Basi ulimwengu ukawa na madhehebu mawili ya inchi, na baada ya mkutano uliofanyika Zürich mwaka 1898 yakawa matatu, maana nchi za bara la Ulaya zilikubaliana juu ya hesi za milimita. Ubaya wake ulidhihirika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Waingereza na Wamarekani walipigana bega kwa bega, tena wote wakipima kwa inchi, lakini bolti ya nusu inchi ya Mwingereza ilikuwa na hesi 12 na ya Mmarekani 13, na nati ya huyu haikuingia katika bolti ya yule. Na kana kwamba hayo hayatoshi, Waingereza walipunguza upana wa nati zao za Whitworth ili kuokoa chuma, hata spana zao za zamani zikawa kubwa kupita kiasi kwa nati zao wenyewe. Tarehe 18 Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilitia sahihi mjini Washington mapatano ya kutumia hesi za namna moja. Waliafikiana juu ya digrii 60. Whitworth alishindwa, miaka 61 baada ya kufa kwake.

Lakini sahihi ya Washington haikuweza kuzitupa spana za dunia nzima. Fikiria mambo yalivyokuwa katika gereji za Kenya baada ya vita. Lori la Kiingereza la zamani lilikuwa na nati za Whitworth. Gari jipya la Kiingereza lilikuwa na nati za mapatano mapya. Peugeot ya Kifaransa ilipimwa kwa milimita, na vivyo hivyo Volkswagen ya Kijerumani, aina iliyoshinda yale mashindano ya kwanza ya Coronation Safari mwaka 1953. Tena gari hilo halikuwa na nati katika magurudumu yake, bali bolti zilizoingia moja kwa moja katika kitovu. Baadaye yakaja magari ya Japani kwa wingi, nayo ni ya milimita. Fundi wa Grogan Road, barabara ambayo sasa huitwa Kirinyaga Road, alihitaji masanduku matatu ya spana, na aghalabu alikuwa na moja.

Hapo ndipo nati zinapoharibikia. Spana ya inchi 11 juu ya 16 ina upana wa milimita 17.46. Ukiivika nati ya milimita 17, itaingia vizuri, na mtu mwenye haraka ataridhika. Lakini ile nafasi ya karibu nusu milimita yatosha kuifanya spana izunguke kidogo kabla ya kushika, na inaposhika haigusi tena ubapa wa nati. Yagusa pembe zake sita tu, na nguvu zote za mkono hukusanyika juu ya mistari sita myembamba. Chuma hulegea hapo, pembe hulala, na baada ya kuteleza mara tatu au nne nati huwa mviringo kama shanga. Yaliyompata Bottas kwa mashine ya maelfu ya pauni humpata mkulima wa Molo kwa spana ya kuazima.

Ziko sababu nyingine pia. Malori mengi ya Kiingereza, na magari ya Chrysler ya Marekani mpaka karibu na mwaka 1970, yalikuwa na hesi za kushoto katika magurudumu ya upande wa kushoto, yaani nati ilifunguka kwa kuizungusha kama anavyozunguka mkono wa saa. Asiyejua alizidi kuikaza huku akidhani anaifungua, mpaka bolti ikakatika. Kutu nayo huzigandisha hesi, hasa Mombasa na Lamu ambako hewa ina chumvi. Na ziko nati zilizovishwa kofia nyembamba ya chuma king'aacho kwa ajili ya urembo. Maji yakipenya chini yake, kutu huvimba ndani, na spana iliyoivaa mwaka jana haiingii tena mwaka huu.

Nati ikisha kuharibika, kuiondoa ni kazi ya kwenda hatua kwa hatua. Fundi mwenye akili huliacha gari likanyage chini kwa magurudumu yote manne, huweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na zile nati nzima huziacha zimekazwa ili gurudumu lisiegemee ile mbovu. Hutia mafuta mepesi yanayopenya kutu, huigongagonga nati kwa nyundo ndogo, kisha hungoja. Wengi hushindwa katika kungoja, kwa sababu mafuta hayo huhitaji saa kadhaa, pengine usiku mzima. Halafu hutafuta spana ya kikombe yenye pande sita na kuta nene, iliyo ndogo kidogo kuliko nati, huipigilia kwa nyundo mpaka iume, na kuvuta kwa nguvu za polepole zisizo za kushtua. Hapa historia hutenda mzaha wake. Nati nyingi za Toyota zina upana wa milimita 21, na spana ya inchi 13 juu ya 16 ina milimita 20.64. Juu ya nati nzima haiingii. Juu ya ile iliyolala pembe, ikipigiliwa, hushika sana. Masalio ya mapatano ya kale, yaliyoharibu nati nyingi, hapo ndiyo yanayoiokoa.

Isipokubali, mafundi wa jua kali hushika tindo, wakachimba ufa ukingoni mwa nati na kuupiga kuelekea upande wa kufungulia. Njia hiyo hufaa, ila huacha makovu kwenye gurudumu. Wengine huchomelea nati mpya juu ya ile mbovu, wakapata pembe mpya za kushika, na joto lenyewe huivunja kutu. Kazi hiyo si ya kufanywa na mtu asiye na ujuzi, wala si ya kufanywa na tairi lililo na pumzi. Gurudumu likipashwa moto, hewa na mpira ulio ndani huweza kulipuka kwa nguvu za bomu, na watu wamekufa kwa jambo hilo. Njia ya mwisho ni kuipasua nati, au kuitoboa bolti kwa keekee mpaka iishe.

Nati iliyotolewa hivyo hairudishwi, na bolti iliyoteswa nayo hubadilishwa. Mpya huanzishwa kwa vidole, kisha hukazwa moja hii, na nyingine iliyo mkabala nayo, mpaka zote zikaze kwa zamu. Gari dogo huhitaji kiasi cha newton-mita 100 kwa kila nati, sawa na uzito wa kilo 20 ulioning'inizwa mwisho wa mpini wa nusu mita. Kijana wa kilo 70 asimamaye juu ya bomba la mita moja huikaza mara saba ya hapo, na ndiyo nati atakayokutana nayo mwingine njiani, usiku, mvua ikinyesha. Aliyefunga kwa kipimo huendesha gari kama kutoka Nairobi hadi Naivasha, husimama, huacha gurudumu lipoe, na kuzijaribu nati zote tena kwa spana, kwa kuwa nati mpya hujikalisha vizuri baada ya mwendo, na inayojikalisha hulegea kidogo.