Dohani zilizovaa kama minara

Ndugu mkulima, ukijenga dohani ya bani la tumbaku au ya jiko la sukari guru, unachotaka ni ivute moshi. Matajiri wa viwanda vya mvuke Uingereza walitaka na sura pia.

Mjini Leeds kiko kiwanda cha zamani kiitwacho Tower Works, kilichokuwa kikitengeneza sindano za chuma za kuchania sufu. Dohani yake ya kwanza, ya miaka ya 1860, ilijengwa kwa mfano wa mnara wa Lamberti ulioko Verona, Italia. Mwaka 1899 ikaongezwa nyingine kubwa zaidi. Mwenye kiwanda, Thomas Walter Harding, alipenda sana sanaa ya Italia, na mbunifu William Bakewell akamwigia mnara wa kengele wa Giotto ulioko Florence, na nakshi za dhahabu juu.

Hiyo ya pili ndiyo inayonivutia. Kunoa sindano hutoa vumbi la chuma, nalo likiingia mapafuni halitoki kirahisi. Mnara ule ulinyonya vumbi hilo kutoka karakana. Kwa wafanyakazi, hilo lilizidi dhahabu yote.

Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikipanda, hewa baridi huingia mlangoni mwa tanuru na moto ukawaka vizuri. Kwa hiyo anayetaka kupamba dohani yake apambe ubavuni, mdomo wa juu auache wazi.

Leeds waliongeza ya tatu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ya matofali bila mapambo. Kiwanda kilishafungwa, dohani zote tatu bado zimesimama.