Marufuku Isiyo na Saini

Tasnifu yangu ya umahiri inahusu vitabu vilivyopigwa marufuku. Kwa kawaida marufuku huacha karatasi: amri, tangazo la serikali, saini ya waziri. Kisa cha Smashwords, duka la Marekani la vitabu vya kidijitali, hakina. Februari 2012 PayPal ilitaka liondoe riwaya za ngono zenye ubakaji au ngono baina ya ndugu, la sivyo ingelifungia akaunti. Riwaya zenyewe zilikuwa halali kisheria. Mwenye duka, Mark Coker, aliambiwa shinikizo linatoka kwa benki na kampuni za kadi. Kelele zikapigwa, Machi PayPal ikalegeza masharti. (Mimi nisingezinunua, nikiri.) Jedwali langu lina safu ya “sheria iliyotumika”. Hapo nimeacha wazi.