Rovu, Tiba na Matumaini ya Uzazi



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, leo tunazungumzia maradhi yanayowapata wanawake zaidi kuliko wanaume, tena mara nyingi katika umri wa kuzaa. Mwanamke hupungua mwili ilhali anakula vizuri, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, joto humsumbua na hedhi hubadilika. Akipimwa damu huambiwa kwamba tezi dundumio, ile iliyo mbele ya shingo, inatoa homoni kupita kiasi. Kisha daktari humtajia njia tatu: vidonge, iodini yenye mionzi, au kisu. Naye na mumewe bado wanatamani watoto. Je, washike njia ipi?

Sisi si matabibu, na makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Lakini kila njia ina historia yake, na historia hiyo inatuonyesha ni gharama gani anayolipa mwanamke anayetaraji kushika mimba.

Waliotangulia kuyaona

Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliandika juu ya uvimbe wa shingo katika kitabu chake al-Tasrif, na akaonya kwamba usipasuliwe ila ule mdogo. Katika karne ya 12 Ismail al-Jurjani, tabibu aliyeandika kwa Kiajemi, aliona kwamba rovu na macho yaliyotokeza huenda pamoja. Huko Ulaya, Robert Graves wa Dublin aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1835, na Karl von Basedow wa Ujerumani mwaka 1840. Leo wengi huyaita maradhi ya Graves.

Tusiyachanganye na rovu la milimani ambalo wazee wetu wa nchi za Maziwa Makuu wanalijua sana. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti kutoka Ubelgiji walilichunguza rovu hilo tangu miaka ya 1960. Waliona kwamba linatokana na upungufu wa iodini, na kwamba muhogo usioondolewa sumu vizuri hulizidisha. Hilo huzuiwa kwa chumvi yenye iodini. Lakini katika maradhi ya Graves kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoichochea tezi, na chumvi haiwezi kuituliza.

Njia ya kwanza: kisu

Katika karne ya 19 upasuaji wa rovu uliua watu wengi. Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, aliufanya kwa utaratibu na usafi hata vifo vikashuka chini ya mgonjwa 1 katika 100. Lakini mwaka 1883 alitangaza jambo zito: wagonjwa aliowaondolea tezi yote walirudi wamevimba, wamepoa, akili zimekuwa nzito. Hivyo ikajulikana kwamba mwili hauwezi kuishi vyema bila tezi hii. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke ambaye tezi yake ilikuwa imedhoofika, kwa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani aliitenga homoni yenyewe, na leo tunayo katika kidonge kiitwacho levothairoksini.

Kwa hiyo aliyeondolewa tezi humeza kidonge kila siku maisha yake yote, na anaweza kuzaa. Faida ya kisu ni kwamba homoni zikishatulia hana haja ya kungoja sana, na zile kingamwili zinazochochea tezi hupungua taratibu. Hatari yake ni kuumia kwa mshipa wa fahamu wa sauti, au tezi ndogo zinazolinda kalsiamu. Basi atafutwe mpasuaji mzoefu.

Njia ya pili: iodini yenye mionzi

Mwaka 1941 Dakta Saul Hertz wa Boston alimpa mgonjwa wa kwanza iodini yenye mionzi. Tezi hunyonya iodini, na mionzi huiunguza kutoka ndani bila kisu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1946, na tiba ikaenea duniani.

Hapa ndipo uvumi unapokuwa mwingi. Husemwa kwamba dawa hii hufunga kizazi. Hapana. Kinachokatazwa ni kuitumia wakati wa mimba, kwani tezi ya mtoto tumboni huanza kunyonya iodini kuanzia wiki ya 10 hadi 12 hivi, na mionzi inaweza kuiharibu. Ndiyo maana mwanamke hupimwa mimba kwanza. Anayenyonyesha huacha wiki 6 au zaidi kabla ya tiba, wala harudi kumnyonyesha mtoto huyo. Baada ya tiba hungoja angalau miezi 6, na homoni ziwe zimetulia, ndipo atafute mimba. Pia kingamwili zinaweza kupanda kwa miezi mingi, na hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kwa hiyo daktari atazipima mimba ikiingia.

Njia ya tatu: vidonge

Mwaka 1943 Edwin Astwood, naye wa Boston, alionyesha kwamba zipo dawa zinazoizuia tezi kutengeneza homoni. Kutoka hapo zikaja PTU mwaka 1947, kisha methimazoli na kabimazoli. Hutumiwa kwa miezi 12 hadi 18, na takriban nusu ya wagonjwa hurudiwa na maradhi baada ya kuacha.

Gharama ya vidonge ilijulikana polepole. Mwaka 1972 iliripotiwa kwamba watoto wa akina mama waliotumia methimazoli walizaliwa na kasoro ya ngozi ya kichwa. Kabimazoli hugeuka kuwa methimazoli mwilini, basi hukumu yake ni moja. Madaktari wakaelekea PTU. Lakini mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba PTU inaweza kuangamiza ini. Mwaka 2013 utafiti wa Denmark ulionyesha kwamba PTU nayo ina kasoro zake kwa mtoto, ingawa ni nyepesi zaidi.

Wakati wa hatari kubwa ni wiki ya 6 hadi ya 10 ya mimba. Mwanamke anayetumia vidonge akikosa hedhi, aende hospitali upesi. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani maradhi yasiyotibiwa huharibu mimba, huleta presha na huzalisha kabla ya wakati.

Tunajifunza nini?

Hakuna njia kati ya hizi inayofunga mlango wa uzazi, na hakuna isiyo na gharama. Tofauti iko katika wakati. Anayetaka mimba karibuni na anayeweza kungoja mwaka hawatachagua sawa. Kwa hiyo daktari aambiwe matumaini ya uzazi kabla ya kuchagua, si baada ya tiba. Aulizwe: tungoje muda gani? Dawa hii ibadilishwe lini? Kingamwili ziko kiasi gani? Na aliyebaki na kidonge cha levothairoksini ajue kwamba mimba huongeza mahitaji yake, basi apimwe damu mara tu anapojua ana mimba.

Enyi waume, kungoja miezi 6 si kukataa watoto. 'Azl ilijulikana zama za Masahaba, na wanavyuoni wengi wameiruhusu kwa ridhaa ya mke. Pia tusimwite tasa mwanamke ambaye tezi yake inaumwa, wala tusimharakishe mume kuoa mke wa pili kwa sababu ya maradhi yenye tiba. Nendeni kwa daktari pamoja, mume asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awaruzuku kizazi chema. Wabillahi tawfiq.